Fundi Aliyelia Kutushinda

Siku tuliyomzika baba, aliyelia kuliko watu wote hakuwa mama, hakuwa mimi, wala hawakuwa kaka zangu wawili. Alikuwa fundi. Jeneza lilipotoka mlangoni aliegemea nguzo ya baraza akalia kwa sauti, kisha akajifuta kwa ncha ya kanzu na kuwahi kubeba mbele. Kaka zangu walinisimulia baadaye kwamba kaburini aliteremka mwenyewe kumpokea baba, na dua ilipoombwa, amina yake ilisikika kuliko za wengine. Wanawake waliojaa ukumbini wakasema, mashallah, kijana ana imani huyu.

Mimi nilikuwa chumbani nimemshika mama mkono. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa na tundu la ukubwa wa mlango, limezibwa kwa turubai la bluu, na aliyelitoboa ni huyo huyo mwenye imani, majuma mawili kabla. Nikajisemea moyoni, mtu anayemlilia baba yetu namna hii hawezi kutuacha na tundu. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Naiandika hapa ili nione haya.

Kilichotufanya tubomoe ni magoti ya mama. Nyumba yetu ya Bagamoyo ni ya zamani, ya mawe na chokaa, na choo kiko uani, mwisho kabisa, ng'ambo ya kisima, choo cha kuchuchumaa. Mama ameyakanyaga mawe ya ule ua tangu alipoletwa hapo bi harusi, lakini sasa magoti yalikuwa yamekataa. Akichuchumaa hainuki mpaka aite mtu. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwinua aligeuzia uso ukutani, hakunitazama mpaka tukarudi ndani. Siku hiyo nikasema choo kitaingia ndani, kiungane na chumba chake, na kitakuwa cha kukaa. Baba hakutaka. Alisema nyumba hii haijazoea nyundo. Nilimbishia juma zima mpaka akachoka akasema, haya, fanyeni. Na fundi nilimchagua mimi. Nilimwona akitengeneza mahali pa kutawadhia kwenye msikiti wa mtaani kwetu, anapanga vigae huku anaimba kaswida, nikaona ndiye.

Siku ya kwanza tu alibomoa. Hakuwa ameleta tofali hata moja, wala mchanga, wala bomba. Alikuja na nyundo na tindo, akatoboa ukuta wa chumba cha mama mpaka nje, akachimba na chini, vumbi la chokaa likaingia kwenye vyombo, kwenye chandarua, kwenye chakula. Jioni akanawa, akala vitumbua vyetu, akanywa chai, akasema kazi imeanza. Baba alisimama akalitazama lile tundu. Majuma mawili baadaye presha ilimwangusha, hakuamka tena. Sisemi kwamba fundi alimuua. Nasema kwamba baba yangu alikufa akitazama turubai.

Mama akaingia eda. Kwetu mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyokuwa na mumewe, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Bila eda ningemchukua siku ile ile nikampeleka kwangu Bunju, kwenye choo cha ndani na maji ya bomba, habari ikaisha. Nilipojaribu kulitaja hilo mama alinikatiza kabla sijamaliza sentensi. Basi nikahamia mimi. Nilipakia cherehani yangu kwenye kigari cha kirikuu pamoja na mifuko ya vitambaa vya wateja, maana mimi kazi yangu ni kushona, nikaja kukaa ukumbini kwa mama na kusubiri fundi.

Juma la kwanza sikumsumbua, msiba bado mbichi. Juma la pili nikampigia simu.

"Shikamoo dada," akasema, kwa ile sauti yake ya kaswida. "Mama anaendeleaje? Usiku na mchana namwombea."

"Marahaba. Anaendelea vizuri. Unakuja lini kumalizia?"

Akavuta pumzi. "Dada, nakuomba unielewe. Mama yuko eda. Mimi si maharimu wake. Nitaingiaje chumbani kwa mjane aliye eda? Naogopa, dada. Naogopa madhambi."

Naapa niliona aibu, kana kwamba ni mimi niliyetaka kumvunjia mama heshima. Nikamwambia hapana, una haki, nikamshukuru. Nikamshukuru! Nilipokwenda kumweleza mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kijana huyo amelelewa. Jirani akasikia, naye akapeleka habari mbele, na kwa siku kadhaa mtaa mzima ulimsifu fundi kwa kutokuja kazini.

Na mama akaendelea kuvuka ua. Fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani kwangu, ushungi umeshushwa mpaka machoni kwa sababu ukuta wa ua ni mfupi na majirani wana ghorofa. Mvua za masika zilipoanza, yale mawe yakaota ukoga wa kijani na kuteleza. Nilitandika magunia. Nilitandika mbao. Turubai la chumbani nalo lilipigwa na upepo likachanika pembeni, maji yakaingia mpaka chini ya kitanda cha marehemu baba, na mimi nikawa nachota maji kwa kopo kwenye chumba cha kulala cha mjane. Kila kopo nililochota nilikuwa natukana kimoyomoyo, na nikifika mlangoni nakuta mama anasali, naomba toba.

Nilikwenda kumuuliza shehe. Sijui kwa nini sikufanya hivyo mapema. Nadhani nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa itanibidi nigombane. Shehe alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: hiyo nyumba haina chumba kingine? Inavyo, nikasema, viwili. Basi mama yako akae chumba kingine, pazia lishushwe, fundi afanye kazi yake na aondoke. Akaongeza kwamba mjane kukosa mahali pa haja ni udhia, na dini haikuja kuudhi watu. Nikampigia fundi pale pale nje ya msikiti.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umenitua mzigo, dada. Kesho baada ya adhuhuri, inshallah."

Kesho hiyo nilishusha pazia, nikamhamishia mama chumba cha pili, nikapika na pilau kwa ajili ya mafundi. Ikafika alasiri. Ikafika magharibi. Tulikula pilau sisi wawili siku mbili. Kuanzia hapo akaanza kunipiga kalenda ya kweli kweli: kesho, kesho kutwa, Jumamosi, baada ya Ijumaa, mvua ikikatika. Nilipopandisha sauti alikuwa na dawa yake. "Dada," anasema taratibu, "hebu tumswalie Mtume." Na Mwislamu wa pwani ukiambiwa hivyo utafanyaje? Unamswalia. Ukishamswalia, pumzi imekata, ulichotaka kusema kimekwama kooni, naye ameshasema maasalama na kukata simu. Alinifanyia hivyo mara tano. Nilizihesabu.

Habari za mahali alipo nililetewa na mteja wangu aliyetoka kununua mananasi Kiwangwa. Akaniambia, yule fundi wenu mwenye sauti nzuri nimemwona huko juu ya paa. Sikumaliza hata pindo nililokuwa nalishona. Nilimwita jirani akae na mama, nikapanda bodaboda kwa ile barabara ya Kiwangwa, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo mengi.

Nyumba ilikuwa ya mkulima, karibu na barabara, rundo la mananasi limepangwa mbele kwa wapita njia. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, anapika ugali nje kwenye mafiga chini ya turubai. La bluu. Jiko lake lilikuwa limebomolewa ukuta mmoja. Nikamuuliza, amekubomolea lini? Akasema tangu kabla ya mfungo. Siku ya kwanza aliyokuja? Siku ile ile ya kwanza, akasema, kisha akapotea, leo ndiyo amerudi na amekuja kubomoa na paa.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mtu. Hakuwa msahaulifu, wala hakuwa na kazi nyingi kwa bahati mbaya. Kubomoa ndiyo ilikuwa njia yake ya kushika mteja. Akishakutobolea ukuta, umekwisha kuwa wake, huna pa kwenda, maana hakuna fundi mwingine atakayegusa kazi iliyoanzwa na mwenzake. Nilikwisha jaribu wawili pale mjini na wote walinijibu kwamba hawaingilii. Alikuwa amefungua nyumba za watu pwani nzima akaziacha wazi, na anazizungukia moja moja kadiri kelele zinavyozidi.

Na nilimwelewa haraka namna hiyo kwa sababu nami ni fundi. Mteja akiniletea kitambaa siku za kukaribia Idi, nami najua fika kwamba sitakiwahi, huwa nakikata pale pale mbele yake. Nikishakikata hawezi kukipeleka kwa mwingine. Nimefanya hivyo miaka yote na sikuwahi kuona ubaya wake. Nilisimama pale Kiwangwa hasira zimenipanda maradufu, nusu zake sijui za kumpelekea nani, kwa hiyo zote nikampelekea yeye.

"Shuka!" nikamwambia. "Shuka hapo juu, mnafiki mkubwa wewe!"

Alishuka, mikono ina vumbi. "Dada, shikamoo. Hebu kwanza tu..."

"Nimeshamswalia!" nikapiga kelele. "Nimemswalia njiani kote, nimemswalia na ya kwako! Sasa unisikilize. Mama yangu ana magoti mabovu, yuko eda, anavuka ua kwenye utelezi kwenda chooni kwa sababu yako. Wewe unayeogopa kuingia kwa mjane, huogopi mjane akivunjika nyonga? Ulimlilia baba yangu! Ulikuwa unamlilia nini?"

Wapita njia walisimama. Mwanamke wa ugali akaja na mwiko mkononi, akasimama kando yangu. Fundi akatazama chini. Akasema kesho asubuhi atakuja, na kesho asubuhi akaja kweli, yeye na wenzake wawili, na matofali, na bomba, na sinki jeupe la choo cha kukaa lililofungwa kwenye boksi. Nilimwona mama nyuma ya pazia akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Walifanya kazi siku tatu. Siku ya kwanza fundi mwenyewe alikuwepo, siku ya pili alikuwepo mpaka saa nne, siku ya tatu aliwaachia wenzake akaenda kuzima moto wa mteja mwingine. Jioni walipoondoka nikamchukua mama akaone. Alisimama kizingitini na fimbo yake. Alitazama sinki, akageuka akatazama msala wake uliotandikwa chumbani, akatazama tena sinki.

"Mbona kinaelekea kibla?" akauliza.

Nami nikatazama. Sinki lilikuwa limenyooka na msala sawasawa. Mtu akikaa pale anaelekea huko huko anakoelekea akisujudu. Saruji ilikuwa imekwisha kauka. Mama akafunga mlango taratibu, akavaa ushungi wake, akaniambia nimpeleke uani.

Nilipompigia fundi sikuamini masikio yangu. Hakubisha. Alisema kwa bomba lilivyolala ndivyo ilivyokuwa rahisi, vijana hawakuangalia. Kisha akasema, "Lakini dada, mama si anaweza kukaa upande upande kidogo?"

Mtu aliyenisomea madhambi na maharimu miezi miwili, leo ananiambia mama yangu mwenye miaka sabini na ushee akae upande upande juu ya sinki. Sikumbuki nilichomjibu. Mama alinisikia kutoka chumbani akaniita kwa jina langu lote, jambo ambalo hafanyi. Nilipoingia akasema, "Mwache, mwanangu. Kijana wa watu. Mwachie Mungu." Nikamjibu kwamba Mungu hafungi mabomba. Nikatubu baadaye, lakini wakati ule nilikuwa nimechoka kuambiwa nimwache. Kaka zangu kwenye simu, mwache. Majirani, mwache. Kila mtu alikuwa na upole wa kumgawia, isipokuwa mimi niliyekuwa nafua magunia yenye matope.

Akapotea tena, safari hii kusubiri zege likomae, nadhani alisema, kabla ya kulivunja. Zilipobaki siku kumi na tatu za eda nikabeba cherehani yangu, nikaipakia kwenye bajaji, nikaenda nayo nyumbani kwake. Alikuwa anakaa upande wa pili wa mji. Mkewe alinifungulia. Nikamsalimu vizuri, nikamwambia sina ugomvi na yeye, naomba tu kukaa barazani. Nikatega cherehani yangu pale, nikaanza kushona.

Pwani huwezi kupita mbele ya baraza la watu bila kusalimu, na ukisalimu utauliza habari. Kila aliyepita aliuliza, dada, umehamia huku? Nami nikajibu kila mmoja kwa adabu zote: hapana, namsubiri fundi, ametubomolea chumba cha mjane aliye eda, choo ametugeuzia kibla, nimeona nimsubiri hapa hapa kwake. Niliwaeleza wanaotoka sokoni. Niliwaeleza wanaokwenda swala ya adhuhuri na wanaorudi. Siku ya kwanza fundi alipitia mlango wa nyuma. Siku ya pili mkewe aliniletea chai na mihogo akakaa kando yangu akanisaidia kutia vifungo, na nikajua kwamba naye ana yake moyoni. Siku ya tatu imamu wa mtaa ule alisimama, akauliza, akasikia, akaingia ndani. Alasiri hiyo fundi alikuwa nyumbani kwetu na nyundo.

Alivunja, akalaza bomba upya, akageuza sinki, akajenga ukuta, akapiga lipu, akatia mlango wenye kitasa. Kazi ya siku nne. Siku nne tu! Alimaliza eda ikiwa imebaki siku sita.

Siku mama alipotoka eda wanawake walijaa tena ukumbini. Aliogeshwa, akavaa gauni nililomshonea na kanga mpya, akatiwa udi kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe. Baada ya khitma fundi akaja. Kanzu nyeupe, kofia, mananasi matatu kwenye kikapu. Nilimwacha aingie kwa sababu siku ile sikutaka ugomvi. Akakaa mkekani mbele ya mama, akainamisha kichwa.

"Mama," akasema, "nimekuja kuomba radhi. Nimekukosea sana. Niwie radhi, mama."

Kwetu kauli hiyo ina jibu moja. Mtu akikujia mwenyewe, akakaa chini, akataka radhi, unampa, maana hakuna anayejua nani atatangulia kufa, na hakuna anayetaka kuzikwa na kinyongo cha mtu. Mimi nilikuwa nimeshashika sahani na kunyanyuka kwenda kuchukua kisu cha kukatia mananasi.

"Unajua kwa siku nilikuwa nakunywa maji kiasi gani?" mama akamuuliza.

Fundi akainua macho. "Sijui, mama."

"Kikombe kimoja. Hivi vya kahawa. Nusu asubuhi, nusu magharibi. Ili nisiende uani." Alikuwa anasema polepole, kama anayehesabu nguo za kufua. "Nilikuwa natawadha kwa maji mengi kuliko ninayokunywa. Miezi minne kichwa kinaniuma, mdomo umenikauka, nasikia kiu mpaka ndotoni. Sikuwii radhi."

Nilisimama pale na sahani mkononi. Nilikuwa naishi nyumba ile. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea jagi la maji na kulirudisha limejaa, nikasema moyoni ni huzuni, mjane hana hamu ya kitu.

Mmoja wa wanawake akasema astaghfirullah. Fundi akaweka viganja vyake sakafuni. "Mama, usinifanyie hivyo," akasema. "Nina watoto wadogo." Machozi yalikuwa yanamtoka, na safari hii hayakuwa na sauti yoyote.

Na mimi, niliyemtukana Kiwangwa, niliyemwanika barazani kwake siku tatu, nikajikuta nimepiga magoti kando yake. Niliingiwa na hofu ambayo sikuitarajia. "Mama, msamehe," nikasema. "Ameshamaliza. Amekuja mwenyewe. Msamehe, mama, tafadhali."

Mama akanitazama mimi, si yeye.

"Wewe umepiga kelele," akasema. "Umepiga Kiwangwa, umepiga kwenye simu, umekwenda kumsema mpaka mlangoni kwake. Umeshatua lako, umepona. Mimi nilikuwa nimekaa kimya. Langu bado ninalo."

Akashika fimbo, akajiinua mwenyewe, akaenda zake chumbani. Tukasikia mlango wa choo ukifungwa. Alikaa humo kwa muda mrefu. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mkeka, na mimi pia.